Mchungaji wa dayosisi, mchungaji wa ushirika au mwenye huduma yake: Biblia inasemaje kabla hujachagua pa kuabudu Moshi na Arusha

Ukihamia Moshi ukapanga Majengo, Pasua au Njoro, Jumapili ya kwanza hutahitaji kuuliza kanisa liko wapi. Upande mmoja kengele ya usharika wa Kilutheri, upande wa pili spika za Wapentekoste, na kwenye nguzo ya umeme bango la semina ya siku saba lenye picha ya mtumishi aliyevaa suti. Arusha ni hivyo hivyo, kuanzia Ngarenaro mpaka Sakina. Hao wote wanaitwa wachungaji, na kila mmoja akiulizwa ametumwa na nani atafungua Biblia akuonyeshe mstari. Kwa hiyo kuuliza kama ana mstari hakusaidii. Uliza kazi anayoifanya kati ya Jumatatu na Jumamosi inafanana kiasi gani na ile ambayo Biblia inamkabidhi mchungaji.

Nimewagawa katika aina tatu. Mapadre nimewaweka kando, maana Mkatoliki parokia yake inamfuata alipopanga nyumba. Hana mengi ya kuchagua.

Wa kwanza ni mchungaji wa dayosisi. Kwa huku kwetu huyu ni wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hasa, ingawa Waanglikana nao wana utaratibu wa kufanana. Amepita chuoni, mara nyingi Makumira pale Usa River, amebarikiwa na askofu, amepangiwa usharika, na siku yoyote barua ya uhamisho inaweza kufika. Wa pili ni mchungaji aliyeitwa na washirika wenyewe. Wabaptisti ndio mfano ulio wazi zaidi: kanisa la mahali linakaa, linaomba, linamwita mtu, na linaweza kuachana naye. Makanisa kama TAG (Tanzania Assemblies of God, la Kipentekoste) yako katikati, kwa sababu yana makao makuu na maaskofu, lakini mchungaji wa mahali mara nyingi ndiye aliyelipanda kanisa na amezeeka nalo. Wa tatu ni mwenye huduma yake. Alianzia sebuleni au kwenye turubai, akapata wafuasi, akasajili. Anaweza kuitwa nabii, mtume au mchungaji kiongozi.

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, ulijue hilo unaposoma hukumu zangu.

Biblia inamtaka nani

Anza na Matendo 20. Paulo yuko Mileto, anawaita wazee wa kanisa la Efeso, na kwenye mstari wa 28 anawaambia hao hao kwamba Roho Mtakatifu amewaweka kuwa waangalizi wa kundi, walilishe. Angalia wingi: mji mmoja, kanisa moja, wazee kadhaa. Ndivyo ilivyo pia Matendo 14:23, ambako Paulo na Barnaba waliwachagulia wazee katika kila kanisa, na Tito 1:5, ambako Tito aliachwa Krete aweke wazee katika kila mji. Petro, ambaye angeweza kujiita mkubwa wa wote, kwenye barua yake ya kwanza sura ya 5 anajiita mzee mwenzao, kisha anawakataza mambo matatu: kuchunga kwa kulazimishwa, kuchunga kwa tamaa ya fedha, na kujifanya mabwana juu ya watu.

Sasa soma sifa zenyewe kwenye 1 Timotheo 3 na Tito 1. Katika orodha yote hiyo kazi ya mikono au ya mdomo inayotajwa ni moja, kujua kufundisha. Yaliyobaki ni tabia: asiwe mlevi, asiwe mgomvi, asipende fedha, awe mkaribishaji, asimamie nyumba yake vizuri, asiwe ameokoka juzi. 1 Timotheo 3 mstari wa 7 unaongeza kwamba ashuhudiwe mema na watu walio nje. Hiyo ni ruhusa ya kimaandiko ya kwenda kumuuliza mama wa genge na vijana wa bodaboda walio karibu na nyumba ya mchungaji. Kuponya, kutabiri na kuona nyota ya mtu havimo kwenye orodha. Karama zipo, Paulo anazieleza vizuri tu kwa Wakorintho, lakini alipokaa kuandika nani afae kuchunga watu hakuziweka kuwa sharti.

Nani alimwekea mikono

Hapa wa dayosisi ana nguvu. Matendo 13 inaonyesha jinsi wito unavyokwenda: Roho anasema, kanisa la Antiokia linafunga na kuomba, linaweka mikono, linatuma. Hata Paulo, aliyekutana na Bwana njiani kwenda Dameski, alipita hapo. Timotheo naye aliwekewa mikono na wazee (1 Timotheo 4:14), na akaonywa asimwekee mtu mikono kwa haraka. Mchungaji wa KKKT anasimama kwenye mnyororo unaoonekana: wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893, makanisa saba yaliyoungana mwaka 1963 kuwa KKKT, Stefano Moshi akawa Mkuu wa kwanza. Ukiuliza nani alimpima huyu bwana, unapewa jibu lenye tarehe.

Kwa Wabaptisti jibu ni fupi lakini si dhaifu. Washirika waliompima wapo, wamekaa nawe kwenye benchi, waulize. Wala elimu hawaidharau. Seminari yao ya Arusha ilianza mwaka 1962.

Mwenye huduma yake hupenda Wagalatia 1:1, pale Paulo anaposema utume wake haukutoka kwa wanadamu. Mwambie aendelee kusoma. Sura ya pili tu, mstari wa 2, Paulo huyo huyo anapanda Yerusalemu kuwaeleza wenye sifa injili anayoihubiri, asije akawa anapiga mbio bure. Cheti cha Msajili wa Vyama kilichowekwa kwenye fremu ofisini ni kizuri, lakini kinachothibitisha ni kwamba serikali inaitambua taasisi. Hakuna mzee aliyemwekea mtu mikono pale wizarani.

Lakini mnyororo nao usikulevye. Wana wa Eli kwenye 1 Samweli 2 walikuwa makuhani halali kabisa, kwa ukoo na kwa utaratibu, na bado walikuwa wanatuma mtumishi na uma wa meno matatu kuchota nyama ya sadaka sufuriani. Kola nyeupe haikuzuii kuwa Hofni, mmoja wa wana hao.

Nani anaweza kumwambia hapana

Kama una muda wa kuuliza jambo moja tu, uliza hili. Muulize mzee wa kanisa, si mchungaji: mara ya mwisho mchungaji alipotaka jambo na wazee wakakataa, ilikuwaje? Akikueleza kisa, hata kwa kulalamika, umefika mahali pazuri. Akikutazama kama umetukana, umepata jibu pia.

Biblia haina aibu na jambo hili. Petro aliporudi kutoka nyumbani kwa Kornelio, ndugu wa Yerusalemu walimhoji kwa nini amekula na wasiotahiriwa. Hakuwaambia kwamba mtumishi wa Mungu haulizwi. Matendo 11 inasema aliwaeleza kwa taratibu, tangu mwanzo. Baadaye Antiokia, Paulo alimpinga Petro huyo huyo uso kwa uso (Wagalatia 2:11), na kanisa halikuanguka. Kisha kuna utaratibu kamili kwenye 1 Timotheo 5:19-20: mashitaka juu ya mzee yasipokelewe ila kwa mashahidi wawili au watatu, na wanaotenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Pande zote mbili zimelindwa hapo, mchungaji asichafuliwe kwa umbea na kundi lisiliwe kimya kimya.

Watumishi wengi wasiopenda kuulizwa hukimbilia Zaburi 105:15, ile ya kutogusa masihi wa Mungu. Isome zaburi nzima. Inasimulia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walivyokuwa wageni wachache wakitangatanga, na Mungu akawakemea wafalme wasiwadhulumu. Inawalinda wanyonge dhidi ya wenye nguvu. Kuitumia kumnyamazisha mama mjane aliyeuliza matumizi ya sadaka ni kuigeuza kichwa chini miguu juu. Na kama ni kutafuta mfano wa kiongozi wa kanisa asiyekubali mtu mwingine, yupo Diotrefe kwenye waraka wa tatu wa Yohana: anayependa kuwa wa kwanza, anakataa ndugu, na anawafukuza wanaowapokea.

Kwa kipimo hiki KKKT ina ngazi nyingi. Mchungaji yuko na baraza la wazee, juu yake mkuu wa jimbo, juu tena askofu, na askofu naye ana halmashauri na mkutano mkuu wa dayosisi. Kwenye karatasi hakuna asiyeulizwa. Kwenye maisha, ngazi nyingi zina hasara yake: malalamiko yanapanda polepole, na mara nyingi suluhisho ni uhamisho, yaani tatizo linapakiwa kwenye lori pamoja na makochi na kupelekwa usharika mwingine. Wala mfumo hauzuii ugomvi mkubwa. Wa Arusha wanakumbuka mapema miaka ya 1990, Wameru walipodai dayosisi yao kutoka Dayosisi ya Kaskazini, ugomvi ukafika kwenye vurugu za wazi. Askofu na katiba vilikuwepo, na watu waliumizana.

Kwa ushirika wa Kibaptisti, wanaosema hapana ni washirika wenyewe kwenye kikao chao. Hapo ukweli unafika haraka. Hatari yake ni koo mbili tatu zenye uwezo kumweka mchungaji mfukoni, akaanza kuhubiri kwa kuangalia nani amekunja uso. Paulo alimwonya Timotheo juu ya watu watakaojipatia waalimu makundi makundi kulingana na masikio yao yanavyowasha. Mchungaji anayeweza kufukuzwa na kikao anahitaji mgongo mgumu.

Kwa mwenye huduma, mara nyingi bodi ipo, na ukisoma majina unakuta mke, shemeji na rafiki wa zamani. Wapo waliofanya tofauti, waliojifunga kwa wazee wa kweli na kwa wachungaji wenzao wa mji, nami nawaheshimu, kwa sababu hakuna aliyewalazimisha. Ila mzigo wa kuthibitisha uko kwao.

Anakujua?

Yohana 10 inasema mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina. Ezekieli 34 ndiyo karipio kali kuliko yote juu ya wachungaji wabaya, na ukilisoma polepole makosa yaliyotajwa ni ya kazi ndogo ndogo zisizofanywa: wagonjwa hawakutiwa nguvu, waliovunjika hawakufungwa, waliopotea hawakutafutwa. Wao wenyewe walikula walionona.

Hapa mchungaji wa dayosisi anapwaya, na si kwa ubaya wake. Usharika mmoja wa mjini una watu wengi mno, na chini yake kuna mitaa. Jumapili ana ibada ya kwanza na ya pili, Jumatatu kikao cha ujenzi, Jumatano mazishi, Ijumaa kamati ya harambee. Anayekujua kwa jina ni mwinjilisti wa mtaa, mara nyingi mtu aliyesoma chuo cha Biblia kama Mwika, pamoja na mzee wa kanisa wa jumuiya yenu. Watu hulalamika kwamba mchungaji hakuja hospitali. Lakini Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, na mzee alikuja, na chupa ya uji mkononi. Kwa kipimo cha Agano Jipya alikuja mchungaji wako. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Uchagani mwaka 1902 na kufanya kazi Old Moshi mpaka 1938, aling'ang'ania kwamba kanisa lisimame juu ya ukoo, ujirani na rika. Alilaumiwa kwa kuipenda mila kupita kiasi, na pengine lawama nyingine ni za haki, lakini jumuiya inayojua nani amelala njaa mtaani ni jambo ambalo mahubiri ya spika hayawezi kulifanya.

Kwa hiyo ukienda kuangalia usharika wa KKKT, usimpime mchungaji peke yake. Nenda jumuiya ya nyumba kwa nyumba asubuhi moja uone kama wanaulizana habari za ambaye hajaonekana.

Kanisa dogo la kuitana, yaani lile ambalo washirika wamemwita mchungaji wenyewe, hapa linashinda bila kutoka jasho. Watu mia moja na mchungaji mmoja, mtoto wako akikosa Jumapili mbili anapigiwa simu baba yake.

Uwanja wa mkutano hauwezi kufanya hivyo hata ukitaka. Tarehe 1 Februari 2020, hapa Moshi, kwenye uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa walipokanyagana mwisho wa ibada wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wengi kwenye umati kama ule wanakwenda kwa shida za kweli: ada, ugonjwa, ndoa. Siwabezi. Lakini mtu anapokuwa mmoja kati ya maelfu, hakuna kondoo anayeitwa kwa jina, kuna foleni. Kama huduma ina ibada kubwa na pia ina vikundi vya mitaani vyenye viongozi wanaotembelea watu, angalia hivyo vikundi kwanza.

Kuna suala la msiba, ambalo kwetu lina uzito kuliko sehemu nyingi. Mchaga anazikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo nyumbani, na familia inataka kanisa lisimame pale. Kwenye makanisa mengi ya zamani, marehemu ambaye hakuwa akishiriki, au ambaye bahasha yake ni nyeupe miaka yote, familia inaweza kuambiwa kwamba ibada haitakuwa kamili mpaka mambo fulani yakae sawa. Ndipo watu wanapokumbuka kurudi kundini, wakati jeneza liko kwenye turubai. Uliza utaratibu mapema, kabla ya kilio. Na ujue kwamba Agano Jipya halimpi mzee wa kanisa kazi ya kuzika wala ya kufungisha ndoa. Stefano alizikwa na watu watauwa tu (Matendo 8:2), na Luka hakuona haja ya kutuambia nani aliongoza. Ni desturi njema iliyokua baadaye. Mchungaji anayeitumia kama rungu la kukusanyia madeni ametoka nje ya alichokabidhiwa, awe na askofu au asiwe naye.

Pesa

Mchungaji kulipwa ni halali. 1 Wakorintho 9:14 na 1 Timotheo 5:17-18 hazina utata. Paulo kushona hema ilikuwa hiari yake, usiigeuze sheria ya kumnyima mtu mshahara. Kinachotofautisha hizi aina tatu ni njia ya pesa. Kwenye 2 Wakorintho 8:19-21 Paulo anasafirisha mchango pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe, akisema anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia.

KKKT, mshahara wa mchungaji una kiwango, sadaka inahesabiwa na wazee, na jumla ya Jumapili iliyopita inasomwa kwenye matangazo. Kero yake ni wingi wa michango: bahasha ya ahadi, mavuno, jengo, jimbo, dayosisi, na mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada, ambao mimi binafsi naupenda. Wabaptisti, mkutano wa washirika unapitisha bajeti. Shida ni kwamba mwaka wa ukame mchungaji naye anakauka. Mwenye huduma, uliza jina la akaunti. Kama sadaka inakwenda kwenye namba ya simu yenye jina lake binafsi, ondoka bila kugombana. Na kama kuna kitu cha kununua ili uombewe, iwe chumvi, maji au kitambaa, soma Matendo 8 habari ya Simoni na fedha zake, kisha ondoka haraka zaidi.

Mahubiri sitayapima hapa. Wako wazuri na wabovu kote kote, na Jumapili tatu zinatosha kukuonyesha kama mtu anafundisha maandiko au anasimulia safari zake. Juu ya wanawake madhabahuni, KKKT iliridhia kuwabariki kuwa wachungaji mwaka 1990. Kwingine msimamo hutofautiana, wakisomana 1 Timotheo 2 na 3 kwa upande mmoja, Prisila na Fibi kwa upande wa pili. Kama binti yako ana wito, jambo hili si dogo, liulize wazi.

Kwa hali yako

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika au wa chuo cha tiba cha KCMC, hapa Moshi, anayekaa miaka michache, asiye na ndugu mjini: ningemwelekeza kanisa dogo la kuitana, au kikundi cha wanafunzi chenye mlezi aliyeoa na anayekaribisha watu kula nyumbani kwake. Upweke wa mjini unamwangusha kijana mapema kuliko mafundisho mabovu.

Wenye watoto wanaotarajia kukaa: dayosisi, kwa sharti moja, mjiunge na jumuiya wiki ile ile mnayojiandikisha usharikani. Bila jumuiya mtakuwa namba ya bahasha. Pamoja nayo mnapata wazee wengi kama Efeso, mafundisho ya kipaimara yenye mpangilio, na mchungaji ambaye akikosea kuna mlango wa kugonga.

Unayependa huduma fulani ya mtumishi mwenye jina: hudhuria ukitaka, lakini kabla ya kuhamisha ushirika wako wa kwanza huko, omba kuonana naye ana kwa ana, si na msaidizi wake, umuulize nani mchungaji wake yeye. Kisha mtafute huyo aliyetajwa, umuulize kama ni kweli.

Na popote unapohamia, chukua barua ya utambulisho kutoka ulikotoka. Kanisa linalokuuliza barua hiyo linajali kundi la mwenzake. Lisiloiuliza, muulize mzee wa mapokezi kwa nini.